Hukumu ya Kazi ya Wastani: Mwalimu Ajifunze Nini kwa Wahakiki wa Michezo ya Video?

Katika kazi zote zinazopita mikononi mwa mwalimu ili zisahihishwe, zilizo rahisi kuhukumiwa ni za aina mbili: iliyo bora kabisa na iliyo mbovu kabisa. Ya kwanza hujisifu yenyewe, na ya pili hujishtaki yenyewe. Taabu ipo kwa ile ya katikati, yaani kazi ambayo haikuharibika wala haikufaulu, inayomwonyesha msomaji dalili ya jambo kubwa kisha ikamwacha njiani. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayojaza madaftari mengi ya shule zetu za msingi, na ndiyo inayopata maelezo machache kuliko zote. Mwalimu huandika 5/10, huongeza neno "Jitahidi", hufunga daftari. Na mtoto hulifungua asijue ajitahidi katika nini.

Madhumuni ya makala haya ni kuitazama taabu hiyo kwa kupitia mlango ambao huenda wanachuo wengi hawakuutazamia, nao ni uhakiki wa michezo ya video. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, michezo hii si migeni tena. Watoto tutakaowafundisha huicheza katika simu za wazazi wao na katika mabanda ya mijini, na mwalimu asiyeijua huzungumza na darasa ambalo limekwisha kumtangulia. Pili, kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini michezo hiyo imekuwa ikihakikiwa magazetini, na wahakiki wake wamelazimika kila mara kuamua juu ya kazi zilizoahidi mengi zikatimiza machache. Tatu, baadhi ya michezo hiyo sasa huletwa shuleni kama vifaa vya kufundishia, na mwalimu ndiye atakayeulizwa kama inafaa au haifai.

Rai yetu ni hii: kusema kwamba kazi "ingeweza kuwa bora zaidi" bado si hukumu. Hukumu huanza pale anayeitoa anapoonyesha ubora huo ungetoka wapi, na ushahidi wake uko mahali gani katika kazi yenyewe.

Alama Peke Yake Haisemi

Yafaa tuanze na alama, kwa kuwa ndiyo inayotangulia kuonekana. Mwaka 2001 ilianzishwa huko Marekani tovuti iitwayo Metacritic, ambayo hukusanya alama zilizotolewa na wahakiki wengi juu ya filamu, muziki na michezo ya video, kisha ikatoa wastani wake katika kipimo cha 0 hadi 100. Wastani huo huvikwa rangi: kijani kwa kazi iliyopokelewa vizuri, manjano kwa iliyogawanya maoni, na nyekundu kwa iliyokataliwa. Filamu hupata kijani ikifikisha 61, lakini mchezo wa video haupati kijani mpaka ufikishe 75. Kwa hiyo 70 ni sifa kwa filamu, na 70 hiyo hiyo ni shaka kwa mchezo. Tarakimu haikubadilika, kilichobadilika ni mazoea ya wanaoitoa na wanaoisoma.

Wala alama hizo si jambo la maonyesho tu. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ilitengeneza mchezo uitwao Fallout: New Vegas kwa niaba ya kampuni ya Bethesda. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa viongozi wa Obsidian, alieleza hadharani kwamba kampuni yake ingelipwa nyongeza ya malipo endapo mchezo ungefikisha wastani wa 85. Ulipata 84, na nyongeza haikutolewa. Wahakiki walikuwa wameandika kurasa nyingi juu ya mchezo huo. Walisifu hadithi yake na uhuru aliopewa mchezaji wa kuchagua upande; wakalaumu hitilafu za programu zilizoufanya mchezo ukwame katikati. Maneno hayo yalikuwa na mafunzo kamili kwa fundi yeyote, lakini kilichoamua malipo ni alama moja iliyopungua.

Ndugu wanachuo, jambo hili tunalifanya sisi wenyewe kila wiki. Tuwatazame wanafunzi wawili wa darasa la tatu waliopata 5/10 katika zoezi la kutoa. Wa kwanza amepata hesabu zote tano ambazo hazihitaji kukopa, na amekosa zote tano zinazohitaji kukopa. Wa pili amekosa hapa na pale, nyingine rahisi na nyingine ngumu, kwa sababu hupanga tarakimu zake ovyo, makumi yakaingia katika nafasi ya mamoja. Alama zao ni sawa, lakini mmoja anahitaji kufundishwa upya somo moja tu, na mwingine anahitaji daftari lenye miraba na mazoezi ya kupanga. Mwalimu akiandika 5/10 na "Jitahidi" kwa wote wawili, amewapa dawa moja wagonjwa wa maradhi mawili.

Kazi Ipimwe kwa Ahadi Yake Yenyewe

Mfano wa pili utatufundisha jinsi ya kuitambua ahadi ya kazi. Mtunzi wa michezo Will Wright wa Marekani alikuwa amejipatia heshima kwa SimCity ya mwaka 1989 na The Sims ya mwaka 2000. Mwaka 2005 aliwaonyesha watu mchezo mpya, Spore, ambao ulikuwa na nia kubwa kupita kiasi: mchezaji angeanza na kiumbe mdogo wa majini, akamkuza hadi mnyama wa nchi kavu, kisha kabila, kisha ustaarabu wenye miji, na mwisho wasafiri wa angani. Historia nzima ya uhai ingechezwa na mtu mmoja mezani kwake. Mchezo ulitoka Septemba 2008.

Wahakiki wengi waliupa alama za juu. Hata hivyo ukisoma maneno yao utaona jambo jingine. Walikubaliana kwamba chombo cha kuumba viumbe kilikuwa cha ajabu; watu walivuta, wakapinda, wakaongeza miguu na macho, na mamilioni ya viumbe yakazaliwa. Lakini walilalamika kwamba hatua tano za mchezo zilikuwa kama michezo mitano midogo iliyounganishwa kwa uzi mwembamba, kila mmoja ukiwa mwepesi kuliko michezo mingine ya aina yake. Zaidi ya hayo, umbo ambalo mchezaji alilitengeneza kwa saa nzima halikuwa na athari kubwa katika maisha ya kiumbe. Kilichohesabiwa ni thamani iliyoandikwa katika kila kiungo kilichonunuliwa. Mwenye miguu sita hakulazimika kuwa mwepesi kuliko mwenye miwili.

Hapo ndipo penye somo. Mhakiki hakusema tu kwamba Spore ungeweza kuwa bora. Alionyesha kidole: ahadi ya mchezo ilikuwa kwamba umbo huleta maisha, na katika utekelezaji umbo na maisha viliachana. Ahadi hiyo haikutungwa na mhakiki. Ilikuwamo ndani ya mchezo, katika chombo kile kizuri cha kuumba viumbe. Kwa maneno mengine, sehemu bora ya kazi ndiyo iliyotumika kuihukumu sehemu dhaifu.

Mwaka huo huo wa 2008 gazeti la kisayansi Science lilichapisha makala ya John Bohannon, ambaye aliucheza mchezo huo akisaidiana na wanasayansi, kisha akautolea alama kama za ripoti ya shule. Katika baiolojia ulianguka. Sababu yake mwalimu wa sayansi ataielewa mara moja: katika mageuko ya viumbe hakuna anayenunua viungo. Wanaozaliwa hutofautiana, wengine huishi wakazaa na wengine hawaishi, na badiliko huonekana katika vizazi vya jamii nzima. Katika Spore mchezaji hukusanya pointi, akachagua mdomo mpya kama mtu achaguaye kofia dukani. Jambo la kuzingatia ni kwamba Bohannon hakutoa alama moja kwa mchezo mzima. Alitenganisha masomo, kama sisi tunavyotenganisha hisabati na Kiswahili. Mchezo unaweza kuwa burudani nzuri na mwalimu mbaya kwa wakati mmoja, na mhakiki mwangalifu huvitaja vyote viwili bila kukitumia kimoja kufuta kingine.

Tusiharakishe Kusema "Mvivu"

Lipo neno ambalo wahakiki wa michezo hulitumia wanapokasirika, na walimu hulitumia wanapochoka. Neno hilo ni uvivu. Husemwa kwamba watengenezaji walikuwa na uwezo lakini walizembea. Husemwa kwamba mtoto ana akili lakini ni mvivu. Tunashauri neno hili liondolewe katika kalamu ya mwalimu, na mfano wake ni mchezo wa E.T. the Extra-Terrestrial uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1982.

Mchezo huo ulitokana na filamu iliyopendwa sana mwaka huo. Kazi alipewa Howard Scott Warshaw, ambaye mapema mwaka huo mchezo wake wa Yars' Revenge ulikuwa umepata sifa. Mazungumzo ya kununua haki za filamu yalichukua muda mrefu, na kampuni ilitaka mchezo uwe madukani kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Warshaw alipewa majuma kama matano tu. Akiwa na majuma hayo hakunakili mchezo uliokwisha kupendwa. Alibuni dunia yenye nyuso sita kama boksi, na mchezaji akitafuta vipande vya simu ili mgeni wa angani awaite ndugu zake. Wazo lilikuwa jipya. Utekelezaji ulikuwa na kasoro moja kubwa iliyowachosha wachezaji: mashimo. Mchezaji alitumbukia shimoni bila kukusudia, akapanda kwa taabu, akatumbukia tena.

Hukumu ya haki ingekuwa hii: wazo jema, shimo limeliharibu, muda haukutosha kulirekebisha. Lakini hukumu iliyoenea ni kwamba huo ulikuwa mchezo mbaya kuliko yote iliyopata kutengenezwa. Zaidi ya hapo, biashara ya michezo ya video ya Marekani ilipoporomoka mwaka 1983, watu wengi waliutwika mchezo huu lawama ya maporomoko yote. Mwaka huo Atari ilifukia shehena ya bidhaa zake katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, na hadithi ikawa kwamba ni kaburi la E.T. Jaa hilo lilipofukuliwa Aprili 2014, E.T. ilipatikana kweli, lakini ilikuwa imelala pamoja na michezo mingine mingi ya kampuni hiyo, ikiwamo ile iliyowahi kusifiwa. Shimo lile lilikuwa la kampuni nzima, lakini jina lililobaki midomoni ni moja.

Tuseme wazi hapa ili tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba uchache wa muda huifanya kazi mbovu kuwa njema. Mchezaji aliyelipa fedha alitumbukia shimoni vilevile, na mhakiki alikuwa na wajibu wa kumwonya. Tunachosema ni kwamba kuihukumu kazi ni jambo moja, na kumhukumu aliyeifanya ni jambo jingine linalohitaji ushahidi mwingine. Insha fupi iliyokatika katikati haituambii kama mwandishi wake alizembea, au aliiandika jioni baada ya kuteka maji, akikimbizana na giza. Kwa hiyo mwalimu aandike anachokiona: "Insha imekatika kabla safari haijafika mwisho." Hilo ni kweli kwa hali zote mbili. "Wewe ni mvivu" huenda ikawa kweli kwa mmoja na dhuluma kwa mwingine, na mtoto aliyedhulumiwa kwa wino mwekundu halisahau neno hilo upesi.

Hukumu Iwe na Tarehe

Mfano wa nne ni wa kazi iliyoanguka mbele ya macho ya watu kisha ikainuka. Kampuni ndogo ya Hello Games ya Guildford, Uingereza, ikiongozwa na Sean Murray, ilitangaza mchezo wa No Man's Sky mwezi Desemba 2013. Kwa kutumia kanuni za hesabu, kompyuta ingezaa sayari zaidi ya bilioni bilioni 18, nyingi kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kuzitembelea zote. Matumaini ya watu yalipanda mpaka yakavuka uwezo wa wafanyakazi wale wachache.

Mchezo ulipotoka Agosti 2016 wahakiki waliuweka katika daraja la wastani. Walikiri kwamba kutua katika sayari ya kwanza kulikuwa jambo la kupendeza sana. Kisha wakaeleza jinsi sayari ya kumi ilivyofanana na ya tatu: rangi ilibadilika, lakini kazi ya mchezaji ilikuwa ile ile ya kuchimba madini, kujaza mfuko, kuuza na kuondoka. Tena, siku ya kwanza kabisa wachezaji wawili walikutana mahali pamoja katika ulimwengu ule mkubwa, na hakuna aliyeweza kumwona mwenzake, ingawa watu walikuwa wameaminishwa kwamba jambo hilo lingewezekana. Hukumu ya wakati ule ilikuwa kali, na ilikuwa ya haki.

Kampuni haikujibu kwa maneno mengi. Mwezi Novemba 2016 ilitoa nyongeza iliyowawezesha wachezaji kujenga makazi. Mwezi Julai 2018 ilitoa nyingine iliyowawezesha kuonana na kusafiri pamoja. Nyongeza zikafuatana mwaka baada ya mwaka, wala wenye mchezo hawakutozwa malipo mapya, na watu wale wale waliolalamika wakaanza kusifu. Je, wahakiki wa mwaka 2016 walikosea? La. Walihukumu kilichokuwapo mbele yao. Angekosea yule ambaye leo angesoma hukumu ya 2016 kana kwamba imeandikwa jana.

Kwetu sisi, ripoti ya muhula ni hukumu yenye tarehe. Mtoto aliyeandikiwa mwezi Juni kwamba hajui kusoma kwa ufasaha anaweza kuwa amefunguka ifikapo Septemba. Mwalimu anayepokea darasa jipya, akaambiwa na mwenzake kwamba "yule wa nyuma ni wa wastani tu", anapokea hukumu ya zamani isiyo na tarehe. Tena tuangalie: kilichoisaidia Hello Games ni kwamba wahakiki walikuwa wametaja mambo kwa majina. Waliotaka kuonana walisema wanataka kuonana; waliochoshwa na kazi moja walisema wamechoshwa na kazi moja. Lawama iliyotaja jambo hugeuka kuwa orodha ya kazi. Lawama isiyotaja jambo hubaki kuwa lawama.

Michezo Inayoletwa Darasani

Sasa tuitazame michezo ambayo siku moja italetwa mbele ya mwalimu kwa jina la elimu. Mwaka 1983 Jan Davidson, aliyekuwa mwalimu, alitoa kwa kampuni yake mchezo wa Math Blaster, ambamo hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya zilitiwa ndani ya mchezo wa kulenga shabaha. Mchezo huo uliuzwa sana na uliwapa watoto mazoezi mengi. Lakini jiulize: je, mtoto akilenga jibu la 7 mara 8, kitendo cha kulenga kinamfundisha nini juu ya kuzidisha? Hakimfundishi kitu. Hesabu ni nauli anayoilipa ili acheze. Ushahidi ni kwamba kampuni hiyo hiyo baadaye ilitoa Reading Blaster, hesabu zikaondoka, maneno yakaingia, na jina la kulipua likabaki. Mwaka 1999 mtaalamu wa Marekani Amy Bruckman aliifananisha michezo ya namna hii na mboga iliyochovywa katika chokoleti. Sisi tungesema ni kidonge cha klorokwini kilichopakwa sukari: mtoto hulamba sukari, akakitema kidonge.

Linganisha na mchezo mwingine, uliozaliwa mikononi mwa watu waliokuwa kama ninyi. Mwaka 1971 wanachuo watatu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Minnesota, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walitengeneza kwa muda wa majuma kama mawili mchezo wa The Oregon Trail. Rawitsch alitakiwa kufundisha historia ya walowezi waliohamia magharibi mwa Marekani katika karne ya 19. Hakukuwa na kioo cha picha. Maneno yalichapwa katika karatasi na mtambo uliounganishwa na kompyuta ya mbali. Mwanafunzi alipewa fedha, akaamua anunue chakula kiasi gani, ng'ombe wa kuvuta gari wa thamani gani, risasi ngapi. Kisha safari ikaanza, na maamuzi yake yakamfuata njiani. Baadaye, alipoajiriwa na shirika la elimu la jimbo hilo mwaka 1974, Rawitsch aliuingiza mchezo upya na kurekebisha matukio yake, magonjwa na hali ya hewa, kwa kufuata kumbukumbu zilizoandikwa na wasafiri wenyewe. Hapo mchezo na somo ni kitu kimoja. Huwezi kuondoa historia ukaweka tahajia, kwa maana ukiiondoa hakuna kinachobaki.

Hata kazi hiyo njema haikosi hukumu. Mchezaji wake alikuwa mlowezi daima. Wenyeji wa nchi ile, ambao ardhi yao ndiyo iliyopitwa na kuchukuliwa, walionekana pembeni tu. Mwalimu angeweza kuutumia mchezo huo, lakini ilimpasa aongeze kwa mdomo wake swali ambalo mchezo haukuliuliza.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, kipimo kizuri kilionekana mkoani Tanga. Kwa muda wa miezi 15, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, programu tano zenye michezo, hadithi na mazoezi ya Kiswahili zilijaribiwa katika vishikwambi vilivyogawiwa watoto wapatao elfu tatu wa vijiji vipatavyo 170, katika shindano la XPRIZE. Ahadi ya programu hizo ilikuwa moja: kwamba mtoto angeweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kiasi kikubwa yeye mwenyewe. Basi walipimwa kwa ahadi hiyo. Watoto walijaribiwa kabla na baada, na mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion zikatangazwa washindi kwa pamoja. Swali kuu lilikuwa mtoto aliyekuwa hajui neno sasa anasoma maneno mangapi, wala si picha zinapendeza kiasi gani. Mwalimu anayeonyeshwa mchezo wowote wa elimu aulize swali hilo hilo, naye asitishwe na rangi wala muziki.

Namna ya Kuandika Hukumu Katika Daftari

Tukusanye sasa tuliyoyasema yawe mbinu. Hukumu njema ya kazi ya wastani ina sehemu tatu. Kwanza, itaje mahali ambapo kazi imeonyesha nguvu, kwa kuwa hapo ndipo ahadi yake ilipo. Pili, itaje mahali ambapo nguvu hiyo iliachwa. Tatu, itoe hatua moja ya kufanywa, iliyo ndogo kiasi cha kumalizika kesho.

Tuchukue insha ya mwanafunzi wa darasa la tano juu ya safari ya sokoni. Katika aya ya kwanza shangazi anabishana na muuza samaki juu ya bei, na maneno yao yamenukuliwa vizuri. Kuanzia aya ya tatu insha inageuka orodha: kisha tulinunua mchicha, kisha tulinunua nyanya, kisha tulirudi nyumbani. Mwalimu wa kwanza anaandika: "Wastani. Ongeza bidii." Mwalimu wa pili anaandika: "Shangazi na muuza samaki nimewasikia kama nilikuwa sokoni. Ulipofika kwenye mchicha, watu wako wamenyamaza. Andika upya aya ya tatu, muuza mchicha naye aseme." Alama inaweza kuwa ile ile kwa walimu wote wawili. Lakini mtoto wa pili amejua kwamba ana sikio zuri, na amejua alitumie wapi.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Darasa lina watoto 90, na mwalimu ana mikono miwili. Pingamizi hilo ni la kweli wala halifai kudharauliwa. Lakini hatukusema kila daftari liandikwe hukumu kamili kila siku. Mwalimu akichagua madaftari kumi kwa siku, na mengine akayasahihisha kwa alama ya kawaida, kila mtoto wa darasa hilo atapata hukumu kamili katika kila siku tisa za masomo. Kwa mtoto ambaye amezoea kupata "Jitahidi" mwaka mzima, hilo si jambo dogo. Tena inashauriwa kuanza na wale wa katikati. Walio mbele hutambulika, walio nyuma kabisa hushughulikiwa kwa kuwa wanatia wasiwasi; wa katikati hupita kimya kutoka darasa la kwanza hadi la saba, na wengi wao humaliza bila kuambiwa hata mara moja ni jambo gani hasa walilolifanya vizuri.

Mchezo wa video ukihukumiwa vibaya, hasara yake ni ya fedha na ya jina la kampuni, na kampuni inaweza kutoa mwingine. Mtoto hana toleo la pili la darasa la tatu. Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha muhula ujao, chukueni daftari moja lililopata 5/10, lisomeni mara mbili kabla ya kufungua kalamu, mtafute mahali ambapo kazi ile iliahidi kitu. Mkipaona, paandikeni.